Kwa Mke Mwenzangu Somoe

Mke mwenzangu Somoe,

Sisi huku Pande hatujambo, wasiwasi ni juu yako uliye mbali huko Mbagala. Mvua za vuli zimechelewa, lakini dudumizi ameanza kulia kule bondeni tangu juzi, nami namsadiki kuliko redio. Korosho zimeanza kuanguka. Mgongo wa mama yako umepata nafuu. Komba amerudi mwembeni, analia usiku kama mtoto aliyenyimwa uji, na jirani yetu mgema anaapa kuwa ndiye anayemwibia tembo kwenye vibuyu.

Ndege chozi naye amejenga kwenye kamba ya kuanikia nguo, pale karibu na mstafeli. Anayejenga ni jike. Dume kazi yake kung'ara na kufukuza wenziwe. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, nikamwona anakuja na utando wa buibui mdomoni. Akauzungusha, akafungia majani makavu, kisha akaingia ndani akawa anasukuma kwa kifua mpaka kile kifuko kikatuna. Siku hiyo wali ulichelewa, na hakuna aliyekufa. Nguo sasa tunaanika kwa jirani.

Sasa lililonikalisha kuandika. Mama yako alifagia chumba chako akatoa kikapu cha madaftari ya shule ampelekee muuza karanga afungie. Madaftari sikuyapigania. Lakini humo chini nikakiona Peponi, kitabu cha Abdulrazak Gurnah alichokutumia mjomba wako, hata hakijafunguliwa vizuri. Nilipokuuliza kwenye simu ulicheka: “Bibi, mtihani nimemaliza, sasa natafuta maisha, nani ana muda wa hadithi?” Sikukujibu, vocha ilikuwa inakwisha. Nakujibu sasa.

Mimi kusoma nilijifunza mtu mzima, nimekwisha kumzaa mama yako. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata nasi huku tukakusanywa alasiri, tumetoka shamba, wengine na watoto mgongoni. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilikuwa vya kazi: kilimo bora, uvuvi bora, ufugaji bora. Sivitukani, vilitutoa gizani. Ila kila ukurasa ulikuwa unakutuma kwenda kufanya jambo. Kisha mwalimu wetu, kijana tu, akaniazima Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1968, mwenyewe amekwisha kufa tangu 1962. Yule Utubora anaacha kazi yake Unguja, anakwenda zake Busutamu kulima. Nilikisoma kwa kidole, kwa mwanga wa koroboi, na kwa mara ya kwanza kitabu hakikunituma popote.

Babu yako, Mungu amrehemu, aliuliza hicho kitabu kinatia nini chunguni. Nikaanza kukisoma kwa sauti. Yeye kalala kageukia ukutani, anajifanya ana usingizi, lakini nikinyamaza kidogo kugeuza ukurasa namsikia: “Enhe, halafu?” Mjusi kafiri alikuwa akija ukutani kuwinda wadudu penye mwanga. Tulimzoea hata usiku asipotokea Babu yako anauliza yuko wapi. Baadaye ikaja miaka ya foleni za sukari na sabuni, nasi tukaendelea na jioni zetu. Hazikutudai kitu ila mafuta ya taa, nayo yakikosekana tulikaa nje tukamsikiliza komba.

Mjukuu wangu, kutafuta maisha sikukatazi. Katafute. Ninalokukataza ni kuiweka raha yako rehani mpaka siku utakayomaliza kujenga. Humo Peponi yumo mtoto Yusuf, aliyechukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Hana chake, yeye mwenyewe ndiye rehani. Lakini pana bustani imezungushiwa ukuta, ina maji na mikomamanga, naye anaingia kumsaidia mzee Hamdani kuitunza. Mali si yake, ila macho ni yake. (Bustani hiyo hiyo inamletea mashaka baadaye. Hilo sikuambii, usome mwenyewe.)

Utasema Mbagala hakuna bustani, kuna kunguru. Basi mtazame kunguru. Wako namna mbili: yule wetu wa shingo nyeupe, na huyu mwembamba wa shingo ya kijivu ambaye asili yake India. Huyo aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale takataka. Akazila, akala na mayai na makinda ya ndege wengine, kisha akaenea hadi bara. Mwizi, lakini ana akili, na kumtazama anavyopima dirisha la jikoni kabla hajashuka ni burudani tosha. Asubuhi kabla hujaishika simu, angalia nje kwanza. Usiku soma kurasa mbili tatu, wala usizihesabu. Na kinyonga akitokea kwenye ua wenu asipigwe mawe. Hana sumu. Mkalie karibu umwone jicho moja linavyokutazama wewe na jingine linamtafuta nzi.

Najua mwenyeji wako Mwajuma anaisoma barua hii begani kwako. Mwanangu Mwajuma, mwache mtoto asome, usimwambie anamaliza umeme. Hiyo televisheni yako inayokesha nani anailipia?

Kitabu nimekifunga kwenye kanga pamoja na korosho, nimempa utingo wa basi la Ijumaa. Kampokee Rangi Tatu jioni. Barabara ya Somanga inapitika, si kama mwaka 2024 kilipotupiga Kimbunga Hidaya. Kurasa zilizokunjwa pembe nimezikunja mimi, usizinyooshe, maana ukija Idi nitaendelea nilipoishia. Na korosho ni za kula, si za kuuza Kariakoo.

Wasalaam,
Bibi yako, Pande