Silaha ya Mfukoni na Usalama wa Nyumba

Maswali aulizwayo mwalimu wa madrasa mengi huwa ni ya tohara, ya mirathi, na ya majina ya watoto wachanga. Lakini hapa Madaba nimeulizwa jambo ambalo halimo katika vitabu nilivyosomeshwa. Mpwa wangu, mfanyabiashara wa mahindi aendaye mara kwa mara Njombe na Songea akiwa na fedha za watu, alinijia baada ya sala ya Isha akasema: “Mjomba, nataka kuomba leseni ya bastola ndogo, ya kuficha ndani ya koti. Je, nichukue rivolva au ile ya magazini?” Aliniuliza mimi kwa kuwa ndimi mkubwa wa upande wa mama yake, wala hakutaka kuingiza chuma hicho katika ukoo bila ya shauri la wakubwa wake.

Sikumjibu usiku ule. Nilikwenda kwanza kwa askari mmoja mstaafu, mtu mpole na mwenye maarifa, nikamwomba anifundishe kama nifundishavyo watoto alifu na bee. Haya ndiyo niliyoyafahamu.

Rivolva ndiyo ya zamani zaidi. Samuel Colt wa Marekani aliipatia yake hataza nchini kwao mwaka 1836. Risasi hukaa katika gurudumu dogo lenye matundu, na katika zile za mfukoni aghalabu huwa 5 au 6. Kila mtu avutapo kifyatulio, yaani kile kipande kivutwacho kwa kidole, gurudumu huzunguka na kuleta risasi nyingine mbele ya mtutu. Moja ikikataa kulipuka, huvuta tena ikaja ya pili. Uvutaji wake ni mrefu na mzito, yapata kilo 5 katika nyingi ya hizo ndogo, kwa hiyo haifyatuki kwa wepesi. Lakini uzito huo huo hutikisa mkono, na shabaha ikapotea. Tena gurudumu hutuna ndani ya nguo, na kujaza risasi upya kwataka muda.

Ile ya magazini ilienea mwanzoni mwa karne ya 20. John Browning, naye Mmarekani, alibuni bastola ya mfukoni iliyotengenezwa Herstal, nchini Ubelgiji, yenye magazini ya risasi 6 na uzito usiofika gramu 400. Risasi hupangwa ndani ya mpini. Moja ikilia, nguvu yake hulitupa ganda nje na kuingiza nyingine. Ni bapa, hulala mfukoni isionekane. Lakini hutaka mkono imara na usafi wa daima, kwani vumbi na nyuzi za nguo zaweza kuikwamisha. Tena ina hatari moja kubwa: mtu akichomoa magazini hudhani ameziondoa risasi zote, kumbe moja imebaki katika mtutu yangoja. Watu wengi duniani wameuawa na bastola ambayo mwenyewe aliapa kuwa ni tupu.

Wala tusidhani kuwa udogo wa kitu ni udogo wa madhara yake. Tarehe 28 Juni 1914, mjini Sarajevo, kijana Gavrilo Princip alimwua mrithi wa kiti cha enzi cha Austria kwa bastola ndogo ya magazini, iliyobuniwa na Browning huyo huyo. Kisa kile kiliwasha vita vilivyofika hata huku kwetu. Jeshi la Wajerumani lililovuka mto Ruvuma mwaka 1917 lilirudi mwaka 1918 kwa upande wa Songea, na wazee wetu wakabebeshwa mizigo ya ugomvi wasioujua.

Baada ya kuyasikia hayo nilimwita mpwa wangu, nikamwambia: “Mwanangu, wewe wazipima bastola hizi kwa jambazi, nami nazipima kwa nyumba yako. Jambazi huenda usikutane naye maisha yako yote. Ama mwanao hukutana nawe kila siku.” Anaye mtoto wa miaka minne. Baba arejeapo safari, jambo la kwanza afanyalo mtoto yule ni kutia mkono katika mfuko wa koti kutafuta peremende. Mfuko ni ule ule. Nilipomkumbusha hayo alinyamaza kimya.

Wazee wetu wawindaji walikuwa na magobore, nao walikuwa na adabu yake: gobore lilitundikwa ukutani, na fataki zikakaa kwa mwenyewe, mahali pengine kabisa. Mtoto alipoligusa, aligusa fimbo tu. Bastola ya mfukoni ni kinyume cha hayo, kwani mwenye kuibeba huibeba ikiwa tayari, mchana na usiku, sokoni na msikitini. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwamuru mtu apitaye msikitini na mishale aishike kwenye vichwa vyake, asije akamjeruhi Mwislamu. Hakumnyang’anya mishale yake, bali alimfundisha kuwa kuyazuia makali ni wajibu wa abebaye.

Tena kwetu Tanzania silaha si haki ya kila aitakaye. Ni ruhusa itolewayo kwa leseni chini ya Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nao waombaji huchunguzwa mwenendo wao. Mwaka 2016 wenye silaha waliitwa wazilete kuhakikiwa. Maana yake, aibebaye huulizwa habari zake.

Basi jibu langu lilikuwa hili. Akipewa leseni, na ikiwa hapana budi, achukue rivolva. Si kwa kuwa ndiyo kali, bali kwa kuwa hufunguliwa, matundu yote yakaonekana kwa macho kuwa matupu, isibaki shaka. Lakini asijidanganye kwamba uzito wa kifyatulio utamlinda mtoto, kwani mtoto hutumia vidole gumba viwili akaushinda. Kwa hiyo ajifunze kwanza kwa mjuzi. Akifika nyumbani aitoe risasi kabla ya kuvua koti. Naye awe na sanduku la chuma lenye kufuli, na ufunguo usibanduke mwilini mwake. Asiyeweza masharti haya, aina zote mbili ni haramu ya nyumba yake, hata serikali ikimruhusu.

Nikaongeza la mwisho: mwizi hufuata fedha. Apitishe fedha zake benki au kwa simu, asafiri mchana pamoja na wenziwe, wala asitangaze siku ya safari yake. Mfuko usio na kitu hauhitaji mlinzi.

Mpwa wangu hajapeleka maombi hata leo; fedha za mahindi ya msimu huu alizipitisha benki. Huenda akaiomba leseni mwakani, nami sitamzuia akitimiza masharti. Lakini sanduku la chuma amekwisha kulinunua, kabla ya bastola, na utaratibu huo nauona ndio sahihi.

Enyi vijana msomao, mkiulizana ipi iliyo bora, anzeni kuuliza italala wapi usiku.