Makanyagio hawakanyagi maua, wanayala!

Wewe wa mjini ukisikia ua unafikiria nini? Bila shaka waridi la Valentine lililoviringishwa nailoni, bei ya kumtoa mtu roho. Huku Makanyagio, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, maua yanateremka na ugali. Sitanii!

Nilitia timu huku msimu wa mvua. Kama saa tano asubuhi nikakuta genge la mama mmoja limejaa mafungu ya majani ya maboga, na juu yake maua ya njano yaliyojifumba kama miavuli.

"Shikamoo mama. Hayo ni ya urembo?"

"Marahaba mwanangu," akacheka. "Urembo wa tumboni."

Kumbe kuna ufundi wake. Boga lina maua ya kiume na ya kike, na mama huyu anachuma madume tu. Ua jike lina kiboga kichanga chini yake. Ukilikwanyua hilo umekula boga zima kabla halijazaliwa. Dume limesimama juu ya kikonyo chembamba, nayo ndiyo mengi. Hata hivyo hayachumwi yote, na hayachumwi alfajiri. Chavua ya boga inanata, upepo hauiwezi, lazima ibebwe na nyuki na wadudu wenzao. Ua linafunguka mara moja tu, alfajiri, na ikikaribia mchana limeshajifumba. Mama anasubiri nyuki wamalize zamu yao, ndipo anapita na kikapu. Mkoa wenyewe unasifika kwa asali, halafu wapo wanaopulizia dawa mashambani asubuhi hiyo hiyo nyuki wakiwa kazini! Sijui wanategemea boga litatoka wapi.

Sasa linganisha na chikanda, kile chakula wanachokipenda sana Zambia. Kinapikwa kwa unga wa viazi vya okidi za porini na karanga. Ukishang'oa kiazi, mmea ndiyo basi tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi hadi milioni 4 hivi kwa mwaka vilikuwa vinavuka mpaka kutoka Nyanda zetu za Juu Kusini. Miaka miwili baadaye Kitulo, uwanda wa juu unaosifika kwa maua hayo, ukawa Hifadhi ya Taifa. Dume la boga halihitaji askari wa hifadhi, maana likishafanya kazi yake linanyauka lenyewe, ulichume usilichume.

Mwilini je? Tusidanganyane, si nyama. Gramu 100 za maua mabichi ni maji kama gramu 95, kalori 15 tu, lakini kuna vitamini C kama miligramu 28, vitamini A kiasi na foleti, ambayo mama mjamzito anaihitaji. Majani yana madini ya chuma na protini mara tatu hivi ya maua. Ndiyo maana huku vyote vinaingia sufuria moja, na karanga za kutwanga juu, kwani vitamini A inataka mafuta ili mwili uipokee. Menya nyuzi za majani, toa kile kijiti cha katikati ya ua, maua uyatie mwisho kabisa; yakichemka mno, vitamini C inakwenda na maji.

Si mambo ya kuchekea. Utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watatu wa chini ya miaka mitano Katavi amedumaa. Maua peke yake hayatawarefusha, lakini mboga iko uani, na mbegu ni ile uliyoitema jana.

Tatizo ni sisi vijana na ubishoo wetu. Roma, kule Italia, maua haya haya wanayajaza jibini, wanayakaanga, na watalii wanalipa. Kwa mama ntilie nilikosukuma sahani mbili, mshkaji wa pembeni yangu, mwenyeji kabisa, aliyatazama maua, akaniangalia mimi, akaagiza chipsi mayai.