Maji ya Nyahururu

Wahenga walisema, mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mkulima mmoja wa Ol Joro Orok ana desturi ya kupanda gari kila mwisho wa mwezi kwenda kutazama miji ya jirani: mara Ol Kalou, mara Nyahururu, ambako reli ya kutoka Gilgil ilifika mwaka 1929.

Huko Nyahururu Mto Ewaso Narok huanguka gengeni futi 243, na manyunyu yake hulowesha nguo za watazamaji. Wazungu waliyaita maporomoko hayo kwa jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyesafiri nchi hii mwaka 1883.

Zamani mkulima huyo alistaajabia kishindo tu. Siku moja alisimama kando ya Ziwa Ol Bolossat, wakaako viboko, akatambua ya kuwa maji ya ziwa hilo ndiyo yaangukayo Nyahururu, kisha yakanywesha mifugo ya Laikipia. Naye shambani kwake alikuwa amelima hata ukingo wa kijito kiteremkacho ziwani! Aliporudi aliuacha ukingo ule, akapanda nyasi. Safari fupi ilimwonyesha majirani asiowajua.