Dakika Kumi na Tano

Niliingia Kakuma mwaka 2011 nikiwa mtoto wa miaka minane, tukitokea Kivu ya Kusini. Kidato cha nne nilimalizia hapa hapa kambini. Sasa ninafanya kazi na vijana kwenye kituo kimoja chenye chumba cha kompyuta: mashini sita, sola juu ya bati, na feni moja ambayo inazungusha joto tu. Nataka kuandika juu ya kosa nililofanya mimi mwenyewe. Safari hii siwezi kumsingizia mfadhili wala stima.

Kati ya zile sita, moja ndiyo tulikuwa tunaitegemea kwa video. Ndani ina prosesa ya Intel Core 2 Quad Q6600, aina iliyotoka mwaka 2007, yenye kori nne na kasi ya gigahezi 2.4. Ni mzee, lakini kwetu ndiyo bosi. Vijana walikuwa wamepiga filamu fupi kuhusu foleni ya maji, na kila tukitaka vipande viunganishwe viwe video moja, kompyuta ilikuwa inachukua masaa mawili. Sola ikichoka katikati, tunaanza upya kesho.

Nikasikia kwamba prosesa hii inaweza kusukumwa. Hesabu yake ni rahisi: mapigo ya msingi ni 266, unazidisha mara 9, unapata karibu 2,400. Ukiingia kwenye BIOS ukabadilisha 266 kuwa 333, unapata karibu 3,000, yaani gigahezi 3. Hakuna hata shilingi inatoka mfukoni. Nilifanya hivyo asubuhi saa moja, kabla ya jua kupanda, betri zikiwa na chaji ya jana. Halafu nikawasha Prime95. Ni programu ya kutafuta namba tasa kubwa sana, lakini watu wengi wanaitumia kuitesa prosesa waone kama inavumilia. Nikaiacha dakika 15. Haikuganda, haikuzima. Nikabandika karatasi juu yake: IMEPIMWA, IKO SAWA.

Video ikatoka kwa dakika 96 badala ya 120. Vijana walipiga makofi. Na mimi nikajiona fundi.

Wiki tatu baadaye, dada mmoja wa kikundi chetu alikuja kutayarisha maombi yake ya kusomeshwa chuo. Aliketi kwenye ile mashini mchana kutwa, siku mbili. Barua, vyeti alivyoskani, yote akayafunga kwenye faili moja la zipu, akaweka kwenye flashi. Siku ya mwisho ya kutuma, faili lilikataa kufunguka. Lilikuwa limeharibika. Tulirudi kwenye mashini, na nakala iliyobaki huko nayo ilikuwa mbovu vilevile. Kukusanya vyote upya kulichukua siku nzima, na siku yenyewe hatukuwa nayo.

Mimi nilisema ni flashi. Nilisema kwa sauti kubwa kabisa, mbele ya watu.

Lakini usiku sikulala vizuri. Kesho yake nikamwendea papa mmoja anayetengeneza redio na simu pale sokoni, mtu wa Bukavu. Nikamweleza yote. Aliniuliza maswali matatu tu: ulipima saa ngapi? Kwa muda gani? Na hiyo kazi imeharibika saa ngapi? Nilipojibu, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, umeipima wakati wa baridi, unaitumia wakati wa moto."

Alinifundisha kupima. Kwanza tulirudisha kasi ya 2.4 na kupima memori kwa Memtest86+, ili tusije tukasingizia prosesa bure. Memori ilikuwa safi. Kisha tukarudisha gigahezi 3, tukasubiri saa saba mchana, bati likiwaka, tukawasha Prime95 kwenye kori zote nne, ule mtihani wake unaochemsha zaidi. Joto la kori lilipanda mpaka nyuzi 86. Kwenye dakika ya 47, kori ya tatu ikasimama. Ikaandika kwamba kosa la kukadiria lilikuwa 0.5, na halitakiwi kufika 0.4. Zile nyingine tatu ziliendelea kama hakuna kitu.

Papa akanieleza hivi. Ile programu inafanya hesabu ambazo majibu yake yanajulikana tayari. Jibu likija tofauti, maana yake prosesa imekosea. Kompyuta inayoganda ni afadhali, kwa sababu unaiona imeganda. Mbaya ni ile inayokosea hesabu, inaandika hilo kosa kwenye faili lako, na inaendelea kukuchekea. Tungeweza kuiongezea volteji ili itulie, lakini volteji inaongeza joto, na joto tunalo la kutosha hapa Turkana.

Tuliirudisha 2.4. Siku ya pili ilipita masaa sita ya mchana bila kosa hata moja.

Kazi ngumu ilikuwa kumwambia yule dada. Nilienda kwao jioni. Nilimwambia siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu, lakini mashini ilikuwa inakosea, na mimi ndiye niliyeisukuma, na nilimdanganya juu ya flashi. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Yaya, ulijua haujamaliza kupima, ukaandika iko sawa?" Nikasema ndiyo. Akasema mwaka mmoja kwake sio kitu kidogo. Sikuwa na jibu.

Baada ya siku chache alikuja kituoni, akataka aone huo mtihani ukipita. Aliketi karibu na mimi saa nzima, anaangalia namba.

Mwaka huu ametuma tena, na nakala tatu, kila moja ameifungua kwanza kwenye mashini nyingine. Bado tunangoja majibu.

Ile karatasi nimeitoa. Mpya imeandikwa tarehe, saa, joto la kori, muda wa kupima na jina langu. Wanaotuletea kompyuta, na sisi tunaozipokea, tuandike hivyo. Neno "sawa" peke yake halitoshi. Video sasa inachukua masaa mawili tena, na vijana wananung'unika. Nawaambia tungojee.