Kengele ya Nirona na bei niliyoikata

Katika ofisi ndogo ya msikiti wetu hapa Tanga, juu ya kabati la madaftari ya kumbukumbu za vikao, ipo kengele ya shaba isiyozidi urefu wa kidole changu cha kati. Wajumbe wa kamati wameniuliza mara nyingi imefikaje hapo, na baadhi yao wameniuliza kwa jicho la lawama, kwa kuwa kengele na msikiti havikuzoeana. Nimekuwa nikijibu kwamba ni kumbukumbu ya safari. Jibu hilo ni la kweli, ila halijatimia. Namna nilivyoinunua kengele ile ndiyo sababu ya kuiweka mahali ninapoiona kila nifunguapo daftari, na leo nimeona niwaeleze wasomaji, kwani huenda jambo lililonipata mimi limewapata na wengine.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza ami yangu kwenda Ahmedabad, India, kwa matibabu ya moyo. Kabla ya kuondoka, mzee mmoja mwenye asili ya Kutch, anayesali nasi safu ya mbele, alinikabidhi barua na mfuko wa karafuu nimpelekee nduguye aliyeko mji wa Bhuj. Ami alipopata nafuu na kutakiwa apumzike siku kumi chini ya uangalizi wa madaktari, binamu yangu alibaki naye, nami nikapanda gari la moshi la usiku kwenda kuifikisha amana ile.

Bhuj ni makao makuu ya Kutch, wilaya iliyo kubwa kuliko zote India kwa eneo: zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Mkoa wetu wa Tanga, pamoja na ukubwa wake, ungeingia humo na nafasi ikabaki. Kaskazini yake ni Rann, uwanda wa chumvi unaofunikwa na maji wakati wa masika yao na kubaki mweupe kama shuka iliyotandikwa wakati wa kiangazi. Kusini yake ni bahari, na katika pwani hiyo iko bandari ya Mandvi, ambako majahazi yalikuwa yakipakia nguo na kungoja upepo wa kaskazi uyalete Unguja, Mombasa na pwani yetu yote, kisha yakarejea na kusi yakiwa na pembe na karafuu. Ndiyo maana haikunishangaza sana kwamba mwenyeji wangu alinipokea kwa Kiswahili. Alizaliwa Tanga, akarejeshwa kwao akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha bibi zetu, hakijaguswa na maneno ya siku hizi. Nilimwita mzee wangu, naye akaniita mwanangu, na siku ya pili akasema, "Mwanangu, usiondoke Kutch bila kuwaona wahunzi wa kengele."

Kijiji cha Nirona kiko kiasi cha kilomita 40 kaskazini-magharibi ya Bhuj. Ukikipita ukaendelea kaskazini unaingia Banni, nchi ya majani inayopakana na ile chumvi, ambamo wafugaji, wengi wao Waislamu, wanaishi kwa ng'ombe na nyati wa kufugwa. Nyati hao wana tabia ambayo sikuijua kabla: hutoka jioni kwenda malishoni, hula usiku kucha penye ubaridi, na alfajiri hurejea wenyewe kukamuliwa. Mwenye mali huwa amelala huku mali yake ikizunguka gizani. Hamlindi mnyama kwa macho, humlinda kwa masikio. Kengele iliyo shingoni mwa nyati humwambia ni nani aliye karibu, nani aliyejitenga, na kundi limefika wapi.

Mafundi wa kengele hizo ni Waislamu wa jamii ya Lohar, yaani wahunzi, na simulizi yao inasema wazee wao walitoka Sindh. Nyumba tuliyoingia ilikuwa na ua wa udongo, fuawe iliyochimbiwa ardhini, na mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekaa chini akiishika kazi kwa vidole vya mguu ili mikono yote miwili iwe huru. Tulisalimiana, tukaletewa chai. Juu ya mkeka zilikuwa zimepangwa kengele za ukubwa mbalimbali, kuanzia za kuvaa mbuzi hadi zile nzito za nyati na ngamia. Nikachukua moja ndogo, nikauliza bei, na alipoitaja nikafanya nilichozoea kukifanya katika kila soko. Nikaguna, nikairudisha mkekani, nikasema ni ghali, nikataja nusu. Tukavutana. Mwisho nikaipata kwa theluthi mbili ya bei ya kwanza, nikaitia mfukoni nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Yule mzee hakukunja uso. Akaniuliza kama ningependa kuona zinavyofanywa.

Kazi huanza na chuma chakavu, vipande vya mabati na mapipa yaliyokwisha umri. Fundi huvikata, huvikunja juu ya fuawe na kuvifua mpaka vikawa duara, kisha huviunga kwa kuipinda ncha moja ikaishika nyingine. Hakuna kulehemu wala msumari. Sikuona rula wala kipimo chochote. Jicho lake ndilo kipimo. Kikishapatikana kiwiliwili cha kengele, kazi huhamia kwa wanawake wa nyumba. Mkewe alikichovya katika tope laini, akakipaka unga wa shaba uliochanganywa na boraksi, kisha akakifunika chote kwa udongo uliopondwa pamoja na pamba, kikawa kama donge la kawaida la matope. Madonge hayo huingizwa katika tanuri la makaa na kuvuviwa mpaka yawe mekundu. Humo ndani, pasipo mtu kuona, shaba huyeyuka, hutambaa juu ya chuma na kuziba kila ufa wa maungio. Yakitolewa na kupoa, udongo hupasuliwa, na kile kilichoingia kikiwa bati kuukuu hutoka kikiwa na rangi ya dhahabu.

Hata hivyo bado si kengele. Ndani yake huning'inizwa kipande cha mti wa sheesham, ambao ni jamii moja na mpingo wetu, kiwe ndicho kinachopiga. Kisha yule mzee huichukua mapajani na kuigonga ukingoni kwa nyundo ndogo, pigo hapa na pigo pale, akisikiliza. Pigo moja la ziada huiharibu sauti. Alituambia kwamba kukunja chuma hujifunzwa kwa miezi, lakini kusikiliza hujifunzwa kwa miaka, na wapo wanaokunja vizuri wasiojaaliwa kusikiliza.

Nilimuuliza pia, kwa kuwa nimepita chuo cha dini na sikuweza kulikwepa, kuhusu ile Hadithi mashuhuri ya msafara wenye kengele. Mwenyeji wangu alisita kidogo kuifasiri. Mzee akajibu kwa upole kwamba kila mgeni aliyesoma humuuliza swali hilo. Jibu la kifiqhi humwachia sheikh wao, na analolijua yeye ni kwamba mnyama aliyepotea ni mali ya mtu.

Kabla ya adhuhuri akaingia mfugaji kutoka Banni, mtu wa makamo mwenye kilemba. Hakuuliza bei. Alichuchumaa, akashika kengele moja kubwa, akaitikisa karibu na sikio, akaiweka. Ya pili akaitikisa, akaiweka. Ya tatu aliisikiliza muda mrefu, macho ameyafumba, kisha akasema maneno machache. Mzee akaichukua, akaigonga ukingoni mara mbili, akamrudishia. Wakafanya hivyo mara tatu, hapana mwenye haraka. Mwenyeji wangu akaninong'oneza: nyati anayeongoza kundi lake amepoteza kengele, na mtu huyu anatafuta sauti ile ile, kwa sababu wanyama wengine wameizoea, na yeye mwenyewe akizinduka usiku ndiyo anayoitegemea. Hatimaye mfugaji akatikisa kichwa kukubali. Akatajiwa bei, akalipa yote, akaondoka.

"Huyu amenunua sauti," alisema mzee. "Wageni hununua pambo."

Hakunilenga mimi kwa kauli ile, naamini hivyo, lakini iliniingia. Katika mazungumzo yaliyofuata nikaanza kuielewa hali yao. Zamani mnunuzi wao alikuwa mfugaji peke yake, wa upande huu na wa Sindh, mpaka mpaka ulipochorwa mwaka 1947 na njia za mifugo zikakatwa. Baadaye serikali ilipanda mti mgeni wa kuzuia chumvi isienee, ule ule ambao ndugu zetu wa Baringo nchini Kenya wanauita mathenge, nao ukaivamia Banni na kuyala malisho. Ukame haukosi kurudi. Tarehe 26 Januari 2001 likaja tetemeko la ardhi lililoua watu wapatao 20,000 na kuvibomoa vijiji vya wilaya nzima. Baada yake vilikuja viwanda, kwa kuwa serikali iliwapunguzia kodi wenye mitaji, na bandari ya Mundra ikapanuka. Kijana wa kihunzi sasa ana mahali pengine pa kuuza nguvu zake, akalipwa kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Kilichoiokoa kazi ya kengele ni wageni. Kila majira ya baridi maelfu ya watu hufika kijiji cha Dhordo kuuangalia uwanda mweupe wa Rann, na njiani hupita Nirona. Wahunzi wamejifunza kutengeneza kengele za kuning'iniza milangoni na shada za kengele ndogo kwa ajili yao. Bila ya wageni hao huenda matanuri mengi yangezimika. Lakini mgeni hana nyati gizani. Anaitazama kengele kwa macho, na kwa kuwa hasikii tofauti kati ya iliyogongwa vizuri na isiyogongwa, huona kila bei ni kubwa. Nami nilikuwa mmoja wao. Kengele iliyokuwa mfukoni mwangu ilipita mikononi mwa mume, mkewe na mtoto anayevuvia moto, na theluthi niliyoikata sikuikata katika faida ya mfanyabiashara. Niliikata katika ujira wa nyumba ile.

Wakati wa kuaga nilitoa zile fedha nilizozipunguza nikampa. Akaurudisha mkono wangu taratibu. Alisema tulikwisha kuridhiana, na mauziano yakitimia yametimia. Yeye ni muuzaji, si mtu wa kupewa sadaka kwa ajili ya kazi yake. Kama nataka, ninunue nyingine kwa bei yake. Nilitamani kufanya hivyo, lakini fedha nilizobaki nazo zilikuwa za dawa za ami. Nikaondoka na kengele yangu ya bei nafuu, na haya ambayo sikupata pa kuiweka.

Ami alirejea salama, alhamdulillah. Mwezi uliofuata kamati yetu ilikutana kujadili madawati 24 ya madrasa. Fundi seremala wa mtaani alileta makadirio yake. Kama ilivyo desturi yetu, mjumbe mmoja akasema huyu ni ndugu yetu katika imani na kazi hii ni ya nyumba ya Allah, aombwe apunguze theluthi, thawabu atazikuta mbele. Wengine wakaafiki. Mimi ndiye katibu. Nilifungua daftari niandike, nikarudi nyuma kurasa kadhaa, nikayaona maandishi ya mkono wangu mwenyewe: fundi wa paa amekubali kupunguza fisabilillahi; fundi wa bomba amekubali kupunguza; mpaka rangi amekubali. Hakuna palipoandikwa kwamba aliulizwa nyumbani kwake wanakula nini wiki ile. Na sisi tunaosimama mimbarini tukiwakumbusha matajiri kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, tumekuwa tukimtoza fundi maskini mchango ambao wenye maduka hatujathubutu kuwatoza.

Niliomba ruhusa ya kusema, nikawasimulia habari ya Nirona. Hatukuelewana upesi. Mweka hazina aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, fedha zitoke wapi. Tulibishana mpaka karibu na Isha. Mwishowe tukaamua madawati 18 kwa bei kamili ya fundi, na fundi akitaka kutoa mchango wake autoe mwenyewe, kwa hiari yake, kama muumini mwingine yeyote, Ijumaa boksi linapopita.

Ndugu wasomaji, sikatazi kupatana bei. Kupatana ni katika biashara, na muuzaji naye hujua kupandisha. Ninachowaomba wenzangu wa kamati za misikiti, na kila mwenye nyumba anayemwita fundi, ni kwamba kabla hatujataja nusu, tukae kwanza tuitazame kazi inavyofanyika. Mimi nilianza kwa bei, nikamaliza kwa kuitazama kazi, na mpangilio huo sikuweza kuugeuza tena.

Madawati 18 yameshafika na watoto wanayatumia. Yaliyobaki sita bado tunayachangia. Allah atujaalie kutoa haki za watu wakati bado zinapokeleka.