Kwenda Unguja kwa Mara ya Kwanza

Ndugu zetu wa Dindira, wako wengi kati yenu waliozoea ukungu na mashamba ya chai, wala hawajauona mji wa Unguja. Kwao twasema haya machache.

Shukeni Korogwe, mfike Segera; hapo njia hugawanyika, moja yaenda Tanga, ya pili Dar es Salaam. Shikeni hiyo ya pili. Meli iendayo kasi huvuka kwa muda wa saa mbili hivi. Chukueni kitambulisho, na nguo nzito za mlimani ziacheni nyumbani, isipokuwa moja ya kurudia.

Bandarini mizigo yenu itapata wachukuzi msiowaita. Atakaye msaada na apatane ujira kwanza.

Mji Mkongwe ni vichochoro vyembamba, hata gari halipiti. Kupotea humo si aibu. Msimwulize anayewafuata, bali mzee aketiye barazani, tena kwa shikamoo, maana swali lisilo na salamu huko halipati jibu jema. Mwezi wa Ramadhani msile njiani mchana.

Kabla ya kununua chochote Darajani, piteni Mkunazini. Kanisa kuu la hapo lilijengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Watu wa Usambara nao, katika vita vilivyofuata kifo cha Kimweri, walishushwa Pangani wakavushwa bahari. Kaeni hapo kitambo na watoto wenu. Sokoni si mbali, mtafika tu.