Bakshishi ya Buruburu: Nani Ampe Nani?

Msomaji mpendwa, ukitaka kujua Wakenya wana maoni gani kuhusu nchi yao, si lazima uende bungeni. Panda matatu ya nambari 58 katikati ya jiji Jumamosi alasiri, mshike Barabara ya Jogoo, mpite Makongeni, Maringo na Jericho, na kabla hujafika Buruburu utakuwa umesikia maoni ya kujaza gazeti zima.

Mimi nilienda huko Jumamosi moja kutafuta jambo dogo tu. Nilitaka kujua watu husema nini kuhusu bakshishi, yaani ile pesa ya chai ambayo mhudumu hupewa juu ya malipo yake. Sikujua kwamba ningerudi nyumbani nikiwaza juu ya kura yangu.

Mjadala ulianza ndani ya gari. Nauli ilikuwa shilingi 80, nami nilikuwa nimetoa noti ya 100. Tulipokaribia kituo, utingo alikuwa bado anatazama nje kana kwamba hanijui. Nilipomuuliza chenji yangu alitabasamu.

"Mkubwa, si uniachie hiyo ya chai?"

Kabla sijajibu, mama aliyekuwa kiti cha nyuma alidakia: "Umpe usimpe, ameshachukua. Wewe unaulizwa tu ili usikasirike." Gari zima likaangua kicheko. Nilishuka bila shilingi zangu 20, na maneno ya yule mama yakanifuata. Je, kitu kilichokwisha chukuliwa chaweza kuitwa bakshishi?

Kwa wale wasioujua mtaa huu, Buruburu si makao ya mabwanyenye wala si ya walalahoi. Ulijengwa kwa awamu 5, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa Baraza la Jiji la Nairobi na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola, ili watu wa mapato ya wastani wapate kununua nyumba kwa mkopo. Makarani, walimu na wauguzi ndio waliohamia. Nyumba nyingi ni za ghorofa moja, zenye paa za vigae, zimepangwa kuzunguka nyua ndogo ambazo wenyeji huziita koti. Siku hizi mbele ya nyumba nyingi pameongezwa vyumba vya kupangisha au duka, na nyua zimewekewa malango na walinzi. Lakini moyo wa mtaa ni ule ule. Mkazi wa Buruburu si tajiri wa kutoa bila kuhesabu, wala si maskini wa kupokea bila kuona haya. Ndiyo maana nilidhani hapa ndipo mahali pa kuuliza swali langu.

Nilianzia kwa kinyozi mmoja karibu na Barabara ya Mumias Kusini. Kiti anachotumia si chake, na kila kichwa anachonyoa hugawana malipo na mwenye duka. Bakshishi, alisema, ni yake peke yake.

"Na wateja hutoa kwa hiari?" nikamuuliza.

"Hiari gani?" alicheka. "Kioo kiko mbele yake. Ananiona vile namtazama. Mtu aliye na aibu hana hiari."

Mteja aliyekuwa chini ya mashine, kitambaa shingoni, hakukubaliana naye. "Aibu ni yangu na mkono ni wangu," alisema. "Nikitaka naondoka. Hakuna mtu aliyenifunga kamba." Alipomaliza kunyolewa alilipa, akaongeza shilingi 50, kisha akatutazama kwa zamu. "Na hii nimetoa mwenyewe!" Kinyozi akanikonyeza jicho.

Waama, msomaji, swali hili la hiari limewatoa jasho wanafalsafa na wanadini kwa karne nyingi. Je, binadamu huchagua mwenyewe, au huchaguliwa na njaa yake, aibu yake na majaliwa ya Muumba wake? Kule Buruburu swali hilo huulizwa kwa shilingi 50.

Jioni niliketi katika hoteli moja ya nyama choma. Tulikuwa watano mezani, wengi wetu tukiwa ndio kwanza tumejuana. Kulikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa shirika la reli, aliyenunua nyumba yake Buruburu vigae vikiwa bado vyekundu. Kulikuwa na kijana aliyevaa fulana ya kwaya ya kanisa lake, na wafanyabiashara wawili wa vipuri vya magari. Mhudumu alipoleta bili, mabishano yakaanza. Mfanyabiashara mmoja alitaka tuongeze shilingi 200. Mwenzake akasema mshahara ni kazi ya mwajiri, na kwamba bakshishi humfundisha mwajiri kulipa kidogo.

Mzee akasema tatizo si pesa, ni neno. "Sisi tuna chai moja tu. Utingo anataka chai, askari anataka chai, karani anataka chai, mbunge akija anatuletea chai. Utajuaje ipi ni shukrani na ipi ni mlungula?"

Hapo siasa ikavuta kiti ikaketi.

Mzee alitukumbusha mwaka wa 1988, wakati wa mchujo wa chama cha KANU, wapiga kura walipopanga mlolongo nyuma ya wagombea wao mchana kweupe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo hakuhitaji hata kupigiwa kura ya siri. "Chifu anakuona, mwajiri anakuona, jirani anakuona," alisema. "Hiari ilikuwa wapi?" Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 29, 1992, wa kwanza tangu vyama vingi viruhusiwe tena. Kura ikawa siri, lakini pesa nazo zikamwagwa, hata wananchi wakaipa noti ya shilingi 500 jina la Jirongo, kwa sababu ya Cyrus Jirongo, aliyeongoza kundi la vijana wa KANU lililojulikana kama YK '92. Mwaka uliofuata bei za vitu zilipanda kwa kasi isiyowahi kuonekana tangu uhuru.

"Nilizipokea, nikanunua viatu," mzee alikiri. "Halafu mwaka wa 1993 nikazirudisha zote dukani, kila nilipoenda kununua unga. Ile haikuwa bakshishi, bwana. Ulikuwa ni mkopo, na sikuambiwa riba yake."

Kijana wa kwaya alitikisa kichwa. "Lakini Mzee, viongozi huwekwa na Mungu. Hata Biblia yasema hivyo. Pesa au bila pesa, atakayekuwa atakuwa."

"Mwanangu," mzee alimjibu polepole, "Mungu hakupiga foleni nawe saa kumi na moja alfajiri. Ile kalamu uliishika wewe."

Mtu hawezi kuzungumzia jambo hili Buruburu bila kumtaja Mike Mbuvi Sonko. Alikuwa na matatu zake upande huu huu, akachaguliwa mbunge wa Makadara katika uchaguzi mdogo wa Septemba 2010, akawa seneta wa Nairobi mwaka wa 2013 na gavana mwaka wa 2017, hadi Seneti ilipomwondoa mamlakani Desemba 2020. Katika Sheng, sonko ni tajiri, naye hakuficha mkono wake alipokuwa akitoa. Wafanyabiashara wetu waligawanyika. Mmoja alisema kwamba angalau yeye alitoa, ilhali wengine huchukua tu. Mwenzake akauliza kama gavana huajiriwa ili atoe vya mfukoni mwake, au ili asimamie vya watu wote.

Akatoa mfano wa karibu. Novemba 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika Kanisa Katoliki la Soweto, huku huku Eastlands, akatoa mchango wa pesa. Siku iliyofuata, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatangaza kwamba pesa hizo, shilingi milioni 2.6, zitarudishwa. Kijana wa kwaya akainama. Alisema kwao bado walibishana kuhusu jambo hilo, kwa sababu padri huhitaji nyumba na kwaya huhitaji sare. Lakini alikiri kwamba siku ile ndipo alipojua kuwa kumbe inawezekana kukataa.

Mhudumu alikuwa amesimama muda wote huo akingoja pesa zake, sinia mkononi. Mzee akamwomba radhi. "Binti yangu, tumekuchelewesha. Wewe unasemaje?"

"Mimi ni mtu wa kazi tu, Mzee," alisema. "Lakini nyinyi mkinipa kitu, mnanipa baada ya kula. Huyo mheshimiwa huwapa kabla hajaingia jikoni. Tena wateja si ni nyinyi? Mmeona wapi mhudumu akimpa mteja bakshishi?"

Tulinyamaza sote. Msomaji, sijasikia darasa la uraia lililo fupi kuliko hilo.

Mimi nilinyamaza kuliko wenzangu, na sababu ninayo. Jioni ya kuamkia uchaguzi wa Machi 4, 2013, katika mtaa mwingine nilikokuwa nikipanga, wakala wa mgombea mmoja wa wadi alikuja langoni akigawa noti za shilingi 200. Niliipokea yangu. Asubuhi nikampigia kura mpinzani wake. Nilijiona mjanja, kula kwake, kura kwangu. Mgombea yule akashindwa, nami nikasimulia kisa hicho kwa miaka nikicheka.

Sikusimulia kilichofuata. Miezi kadhaa baadaye bomba la majitaka lilipasuka mbele ya nyumba zetu, watoto wakawa wanaruka uchafu kwenda shuleni. Tulipokutana kuchagua watu wa kupeleka malalamiko yetu, jina langu likatajwa. Yule wakala, ambaye kumbe alikuwa jirani, akasema mbele ya watu wote: "Huyu hapana. Huyu ana bei, tena ni rahisi." Sikuwa na jibu. Wakatumwa wengine.

Nilimsimulia mzee kisa hicho pale mezani. Hakunikemea. Aliniuliza swali moja tu: "Na huyo uliyempigia kura, yeye alikuwa ametoa ngapi kwa wengine?" Sikujua. Sikuwahi hata kuuliza.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 38, inasema kila raia ana uhuru wa kufanya uamuzi wake wa kisiasa. Nayo Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 humtia hatiani anayetoa hongo ya kura na vilevile anayeipokea. Hayo yameandikwa vizuri. Lakini sheria haikai langoni usiku wakati noti inapokunjwa. Pale husimama wewe na mimi, na njaa zetu, na karo ya watoto. Sisemi njaa ni uongo. Anayelala bila chakula akipokea shilingi 200, sina mdomo wa kumhukumu. Mimi sikuwa na njaa siku ile, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwishowe tulimwekea mhudumu shilingi 200 kwenye sinia. Hata yule aliyepinga alitoa, akisema kwamba nyama ilikuwa laini na maji ya kunawa yalikuwa moto. Mhudumu alishukuru bila kupiga magoti, akaenda zake. Hakuna aliyekuwa na deni kwa mwenzake.

Nilirudi kituoni giza likiingia, matatu zikiwaka taa za kila rangi na muziki ukitikisa vioo. Utingo alikuwa mwingine, lakini nauli ni ile ile na noti yangu ilikuwa ya 100 tena. Safari hii nilinyoosha mkono mapema nikaomba chenji. Alinitazama kidogo, akanipa sarafu 2 za shilingi 10. Nilizihesabu, nikaitia moja mfukoni. Nyingine nikamrudishia.

"Hii ni yako ya chai," nikamwambia. "Umetuendesha vizuri."

Alishangaa, kisha akacheka na kunifungulia dirisha. Je, nawe msomaji, bakshishi ya mwisho uliyoipokea ilitoka kwa nani, na ilikuwa ya kazi gani?